Michezo ya Chumba cha Giza

Nyumba ya dada yangu pale Koboko, mji wetu wa mpakani, ilikuwa na vyumba viwili na dirisha moja, na dirisha hilo tulilifunga kwa blanketi la jeshi. Shemeji yangu alikuwa askari. Blanketi lile la kijivu ndicho kitu pekee cha serikali kilichowahi kuifaa familia yetu. Mama yangu alilipigilia misumari kwa kitako cha mchi, akarudi nyuma, akatafuta mahali ambapo mwanga bado unapenya, akasokomeza matambara. Kisha akasema, akiuambia ukuta zaidi kuliko kuniambia mimi:

"Hapo macho yake yatabaki."

Macho yaliyosemwa yalikuwa ya mpwa wangu wa kike, mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyelala mkekani akiwaka homa, uso umevimba, upele umemjaa hadi nyuma ya masikio. Surua. Mdogo wake wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia bila kuanguka, alikuwa ameipata kabla yake, ikampitia kama mgeni aliyekosea nyumba. Kwa dada yake ilivua viatu, ikakaa.

Kwetu kila mtu alijua kwamba surua hutafuta macho. Upele utakauka, kikohozi kitakwisha, lakini mtoto akitazama jua wakati mwili umewaka, macho yanakwenda. Kwa hiyo mtoto wa surua hukaa gizani. Haogeshwi, hali mafuta wala matunda, hatolewi nje hata kidogo mpaka ngozi imalize kubanduka. Sikuwa na hoja ya kumpinga mama. Nilikuwa na shahada ya ualimu, iliyoviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu juu ya kabati, na katika miaka yote ya chuo kikuu hakuna mhadhiri aliyewahi kutaja surua. Mmoja alitufundisha muhula mzima juu ya umuhimu wa michezo kwa mtoto mdogo. Hakuwa na mtoto. Kabla hatujafanya mtihani wake alikimbilia nchi ya nje, tukasahihishwa na mtu wa jiografia.

Siku hizi umeme unapokatika na televisheni kuzima, wazazi vijana wa ukoo wetu huniuliza sisi zamani tuliwatulizaje watoto ndani ya nyumba. Huniuliza mimi kwa sababu niliwahi kuandika makala za kujidai juu ya malezi. Huwa nawatajia visoda, magari ya maboksi, mipira ya majani ya migomba. Wanafurahi, wanasema zamani kulikuwa kuzuri. Mchezo tuliocheza kwa ustadi kuliko yote huwa nauruka.

Ilikuwa kiangazi, mwanzoni mwa mwaka 1979. Shemeji alikuwa amepelekwa kusini, vitani. Mshahara wake uliacha kufika, na barua zake zikaufuata mshahara. Dada yangu alikuwa amevuka mpaka pale Vurra kwenda upande wa Congo kutafuta chumvi na sabuni, vitu ambavyo Koboko nzima vilikuwa vimebaki kuwa mazungumzo. Alipoondoka watoto wake wote wawili walikuwa wazima, wakinikimbilia miguuni. Tulimtumia habari kupitia kwa dereva wa lori. Kama ilivyokuwa kawaida ya habari za malori, ilifika kule yeye akiwa ameshaondoka.

Tukabaki wanne. Mama alijigawia jiko na mlango: kupika uji wa muhogo, na kuhakikisha hakuna mtu anayeingia au kutoka bila yeye kusimama mbele ya mwanya kwa kanga yake. Mimi, mjomba wao, nilipewa watoto. Wa kiume naye ilibidi afungiwe, maana akiwa nje alikuwa anausukuma mlango kila mara kumtafuta dada yake, na kila mara mwanga ulikuwa unaingia hadi mkekani. Kwa hiyo nilikuwa na mtoto mmoja asiyetakiwa kusogea na mwingine asiyeweza kutulia, ndani ya chumba chenye joto kama tanuri, bila taa, kwa sababu mama hakuruhusu hata kibatari.

Nilipotoka kwenda kuchota maji, wanawake kwenye pampu walikuwa wananingoja.

"Yaya wa digrii! Leo umewaimbia nini?"

"Mwacheni mwalimu. Anafundisha darasa la vipofu."

Walicheka sana, na mimi nilicheka nao, nikabeba jerikeni yangu nikarudi.

Siku za kwanza nilishindwa vibaya. Nilianza na hadithi, nikiwa na imani kubwa na sauti yangu. Wa kiume alitaka hadithi moja tu, ya fisi aliyekwama kwenye mlango wa ghala, na katika hadithi hiyo alitaka sehemu moja tu, fisi anapopiga kelele. Nikawa fisi asubuhi, nikawa fisi mchana. Wa kike alilia kwa sauti ndogo ya kikohozi, macho yamefumba, kope zimegandana kwa usaha. Mama alizilainisha kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, akazikuta zimegandana tena. "Ziache," alisema. "Zinajifunga zenyewe zisione mwanga. Mwili una akili."

Niliwafundisha michezo ya vidole. Nilimpandisha wa kiume mgongoni, nikiwa lori la kwenda mjini Arua, nikipanda mlima na kupata pancha. Alinipiga mwiko wa kichwa kwa kuchelewa kuziba pancha. Nikaketi sakafuni nikiwa nimetoka jasho, nikifikiria kwamba mhadhiri wangu alifanya vizuri kukimbia, na kijiko kikaniponyoka mkononi, kikagonga sufuria.

Kule mkekani kilio kilikoma.

"Kijiko," alisema wa kike.

Nikapiga makofi. Sikuwa na sababu yoyote, ila kwamba alikuwa hajasema neno tangu juzi yake. Wa kiume akapiga makofi kwa kuniiga. Nikachukua kibuyu cha simsim, zile mbegu za ufuta, nikakitikisa taratibu.

"Na hii nini?"

"Simsim!"

Makofi. Mama kutoka jikoni aliuliza ni nani kafika.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoanza, na sheria zake hazikubadilika tena. Mmoja anashika kitu, anakitikisa au anakigonga, anauliza, "Nini hii?" Anayepatia anapigiwa makofi na wote, na zamu inakuwa yake. Nilikusanya kila kilichokuwa na sauti: maharagwe ndani ya kopo, ungo uliokwaruzwa kwa kucha, kiberiti kilichobaki na njiti chache, mkanda wa shemeji wenye bizimu la shaba, hata shahada yangu, ambayo ndani ya bomba lake ilitoa mlio wa kuridhisha kuliko matumizi yoyote niliyowahi kuipatia. "Karatasi ya Mjomba!" wa kike alisema mara ya pili tu, nikaona fahari kama niliyeisoma upya.

Vitu vya ndani vilipoisha tulihamia vya nje. Tulinyamaza, tukasikiliza. Kwato za mbuzi juu ya changarawe. Mtwangio wa jirani. Mipapai miwili ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba, imejaa, na kwa kuwa hakuna aliyekula matunda wakati wa surua, yalikuwa yanaiva na kuanguka yenyewe. Puu!

"Papai!"

Makofi.

Na malori. Barabara ilipita karibu, na kiangazi kile malori yalikuwa mengi. Wa kike alijifunza kutofautisha lori la tumbaku, linalolalamika kwenye kona, na lori la askari, linalokuja kwa kasi na kupita kwa kasi. Mwanzoni ya askari yalikuwa yanakwenda upande wa Arua huku watu wanaimba. Baadaye alisikia yanayorudi.

"Lori la baba," alikuwa akisema.

"Umejuaje?"

"Haliimbi."

Mama aliniambia nitafute mchezo mwingine. Sikuutafuta. Homa ilikuwa inashuka, mtoto alikuwa anaketi, anakunywa uji wake, anamshinda mdogo wake kila zamu. Aliinuka akaanza kutembea humo gizani: kutoka mkekani hadi mtungini, kutoka mtungini hadi magotini pangu, bila kugusa ukuta, wakati mimi nilikuwa bado nagonga kidole kwenye kinu. Nilianza kutunga kichwani makala ya kitaalamu juu ya usikivu wa mtoto mdogo. Nilikuwa nimeshafika kwenye shukrani.

Wa kiume hakupenda kushindwa. Siku moja alichukua njiti ya fagio akatoboa blanketi karibu na kizingiti cha dirisha, akatia jicho. Mwanga mwembamba kama uzi uliingia juu ya kichwa chake. Mama alipiga kelele, lakini mtoto alikuwa ameshaanza kutangaza:

"Kuku. Mbuzi. Kuku. Bibi wa maji. Kuku."

Hiyo ndiyo televisheni ya kwanza niliyoiona Koboko. Tulimwacha kidogo kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza yeye kukaa mahali pamoja. Dada yake alimsogeza kwa kiwiko, akapapasa tundu kwa kidole, akaweka jicho. Mama alisimama, kisha, sijui kwa nini, akamwacha. Upele ulikuwa umeshaanza kubanduka.

Alikaa hapo muda.

"Hamna kuku," alisema.

"Yuko pale!" mdogo wake alimvuta. "Pale! Kuku mwekundu!"

"Hamna."

"Ameondoka," nilimwambia. "Kuku hawangoji."

Mama alikuja na kipande cha ugali wa muhogo akakiponda juu ya tundu, akaliziba kama mtu anayeziba chungu. Mtoto wa kiume alilia. Wa kike hakulia. Alirudi kwenye kopo lake la maharagwe, akalitikisa, akatuuliza nini hii.

Ngozi ilipokaribia kumaliza kubanduka mama aliruhusu kibarazani, lakini jua likishazama tu, maana macho yanayotoka gizani hayapelekwi moja kwa moja kwenye jua. Tulikaa hapo wanne kwenye kiza kinachoingia, tukicheza mchezo wetu. Mtoto alikunja uso na kuinamisha kichwa. Mama alisema mwanga bado unamuuma. Nilikubaliana naye. Yeye alikuwa amelea watoto sita, mimi nilikuwa nimesoma jinsi ya kuwalea. Kati yetu hakukuwa na mtu wa kutilia shaka.

Dada yangu alirudi mchana kweupe, juu ya lori, na gunia dogo la chumvi na vipande vya sabuni alivyovificha ndani ya kitenge kiunoni. Jirani alikuwa amemwambia njiani kwamba mwanawe aliugua surua na sasa amepona, kwa hiyo alikuja anakimbia na anacheka na analia kwa pamoja. Mama hakuwahi kumzuia. Mlango ulisukumwa wazi, jua likaingia ndani ya chumba lote, kwa mara ya kwanza.

Watoto walikuwa wameketi sakafuni. Wa kike aliigeuzia uso sauti ya mama yake, akatabasamu.

"Ngojeni," dada alisema. "Msije. Kaeni hapohapo. Nimewaletea kitu."

Alichuchumaa mlangoni, mikono mgongoni, akaitoa. Alikuwa mwanasesere wa plastiki wa kutoka Aru, upande wa Congo, mwenye nywele za manjano na gauni jekundu lililopakwa rangi mwilini. Sijawahi kuona kitu chekundu kiasi kile. Alimnyoosha mbele ya mwanawe wa kike, karibu kumgusa pua, akangoja, uso wake mwenyewe umefunguka kama wa mtoto.

Wa kiume alipiga yowe la furaha. Wa kike aligeuka kidogo upande wa yowe, kisha akarudi. Alikuwa bado anatabasamu kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu.

"Mchukue, mama," dada alisema. "Ni wako. Huyu hapa."

"Tikisa," mtoto alisema.

"Nini?"

"Tikisa kwanza."

Dada alinitazama, akidhani ni utani wa nyumbani ambao hakuwepo ulipoanza. Kisha akamtikisa yule mwanasesere. Hakuwa na kitu ndani. Hakutoa sauti yoyote. Mtoto aliinamisha sikio, akasikiliza, akasikiliza tena.

"Sijui," alisema. "Nimeshindwa."

Ndipo mimi na mama tukamtazama machoni, kwenye jua. Mboni zilikuwa na utando kama maji ya kuoshea muhogo.

Asubuhi iliyofuata tulipanda lori la tumbaku kwenda Arua, dada na mimi na mtoto. Mama alibaki na wa kiume. Alitufungia muhogo wa kuchoma, akarudi ndani.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Vijana, wamechoka, wengine bila mkanda. Mmoja alipanda tairi akatazama juu ya magunia.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Hospitali, afande. Mtoto mgonjwa."

Mtoto alikuwa mikononi mwangu. Dada alikuwa amempakata usiku kucha na mikono ilikuwa imemfa ganzi. Askari alinicheka.

"Wewe mwanaume muzima, iko beba mutoto kama mwanamke. Bibi yako nakataa?"

"Mimi ni mjomba wake, afande."

"Mujomba! Basi nyonyesha yeye." Wenzake walicheka kule chini. Naye, kwa kuwa alikuwa amewachekesha na moyo wake umepata nafasi, alimwinamia mtoto, akatoa ulimi, akazungusha macho, akampigia saluti kamili ya gwaride. Mtoto aliendelea kutazama juu ya bega lake. Askari alirudia saluti. Uso wake ukabadilika.

"Mutoto hii iko na kiburi. Nafundisha yeye kiburi kwa askari?"

Nilifungua mdomo.

"Haoni," dada yangu alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kati yetu kulitamka. Askari aliushika mkono wake uliokuwa kwenye saluti kana kwamba hajui auweke wapi. Aliruka chini.

"Pita," alimwambia dereva. "Pita, pita."

Hospitalini daktari alikuwa kijana wa umri wangu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga, akavuta kope kwa kidole gumba.

"Mmemtia nini? Majani? Dawa ya kienyeji?"

"Hatukutia kitu," nilisema. "Tulimkinga na mwanga."

"Alikuwa anakula nini?"

"Uji."

"Uji na nini?"

"Uji wa muhogo."

"Matunda? Mboga? Papai hamna huko Koboko?"

Dada alinitazama. Nilitazama sakafu, ambayo ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia.

Hakutugombeza. Alisema surua inamaliza chakula cha macho mwilini, na mtoto asipokula cha kukirudisha, macho yanakauka. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia huenda likatambua mchana na usiku, labda zaidi, labda. Kulikuwa na vidonge vya mafuta vya kuwapa watoto kama hawa, na alikuwa akivipata hadi mwaka uliopita. Alifungua kabati atuoneshe kwamba hasemi uongo. Tulimwambia hakuna haja. Alisema tumpe papai, maboga, mchicha, maini tukipata, na ndiyo, hata sasa, kwa ajili ya lile la kulia. Kisha akaita anayefuata.

Tulirudi Koboko kesho yake. Mama alikuwa kwenye mpapai, na ufito mrefu mkononi, akiangua. Alikuwa ameshaangua rundo, mabichi kwa mabivu, zaidi ya ambavyo nyumba ile ingeweza kula. Alitutazama nyuso, akaelewa, akaendelea kuangua. Sikuwahi kumsikia akisema lolote juu ya jambo lile hadi anakufa, na mimi sikumsaidia kulisema.

Blanketi lilikuwa bado dirishani. Dada alisimama mbele yake na kitenge cha safari bado begani. Kisha akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari. Mmoja baada ya mwingine ililia ikitoka kwenye mbao. Tulikuwa tumeketi nyuma yake, mimi na watoto, sahani ya papai katikati, na nilikuwa namlisha wa kike kwa kidole. Mwanga uliingia kwanza kwenye pembe ya juu, ukateremka ukutani, ukafika mkekani, ukampanda miguuni, kifuani, usoni. Hakupepesa.

Alikuwa ameacha kutafuna. Aliinamisha sikio upande wa dirisha, akangoja mpaka kitambaa kizito kikaanguka sakafuni na vumbi lake.

"Blanketi," alisema.

Alikuwa amepatia. Aligeuza uso huku na huku, akitungoja. Dada hakugeuka kutoka dirishani, na mikono yangu ilikuwa imejaa papai. Mdogo wake ndiye aliyepiga makofi.